Mgeni wa Kujitolea na Jembe la Maungu



Wahenga walituachia msemo ambao kila mtoto wa pwani ameusikia kabla hajajua kusoma: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twautumia sana kumsema mgeni mvivu, yule anayekula cha mchana na kuulizia cha jioni. Wiki hii nataka tuutazame kwa upande wa pili. Je, mgeni akija na jembe lake mkononi? Akisema mwenyewe, tangu siku ya kwanza, kwamba amekuja kulima, mwenyeji amjibu nini? Amwachie alime popote macho yake yatakapoangukia, au amwoneshe shamba?

Swali hili lina wenyewe. Katika mji wa Maungu, katika Kaunti ya Taita Taveta, wageni wa namna hiyo wamekuwa wakija kwa miaka mingi. Wengi ni vijana, na wamo pia watu wazima waliokwisha kustaafu, kutoka Uingereza, Marekani na nchi nyingine za baridi. Huitwa watu wa kujitolea, kwa kuwa hawalipwi mshahara, na aghalabu wamejilipia nauli na gharama zao wenyewe. Wengine hukaa wiki mbili, wengine miezi, wengine mwaka mzima. Familia zetu za Kiislamu za Maungu na Voi, sawa na familia za majirani zetu Wataita, Waduruma na Wakamba, huwapangisha vyumba, huwapikia, huwafundisha lugha, na watoto wetu husoma mbele yao madarasani. Basi maisha ya mgeni huyu yamekwisha kuingia ndani ya nyumba zetu, na yafaa tuyajue.

Maungu yenyewe

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu huenda anaijua Maungu kwa kuiona kupitia dirisha la basi tu. Iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, takribani kilomita 30 kabla ya kufika Voi. Ukitoka Mombasa wapita Mariakani, Samburu na Taru, kisha Mackinnon Road penye ule msikiti kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali, mtu wa Punjab aliyekuja kwa kazi ya reli na hakurudi tena kwao. Wasafiri wengi husimama hapo kusali na kumwombea dua. Mbele yake ndiyo Maungu: maduka pande mbili za lami, hoteli za chai, malori yaliyoegeshwa usiku na mchana, na vumbi jekundu ambalo halichagui kanzu ya mtu.

Upande wa kusini njia ya vumbi huelekea ranchi ya Rukinga na mlima Kasigau, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600. Upande wa kaskazini ni mbuga ya Tsavo Mashariki. Hifadhi ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na pande zake mbili, Mashariki na Magharibi, zina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ndovu wa eneo hilo ni zaidi ya 10,000, na hakuna mahali pengine Kenya penye ndovu wengi kama hao. Mji umekaa katikati ya nyika, na mvua ya nyika hii ni haba: kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Disemba, ndizo wakulima hutegemea zaidi kuliko za masika, na hata hizo zina miaka yake ya kutokuja.

Hapo ndipo mgeni wetu ashukapo kwenye matatu, begi mgongoni, uso umekwisha kuiva kwa jua.

Wametoka wapi watu hawa

Desturi ya vijana wa nchi tajiri kwenda kuishi na kufanya kazi bila mshahara katika nchi za joto ilipata vyombo rasmi katikati ya karne iliyopita. Shirika la VSO lilianzishwa Uingereza mwaka 1958. Mwaka 1961 Rais John Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake. Walikuja wahandisi na wapima ardhi kusaidia kazi ya barabara. Japani nayo ilianza kupeleka vijana wake ng'ambo mwaka 1965. Kenya ilipokea walimu na mafundi wa Peace Corps kwa takribani nusu karne, hadi shirika hilo liliposimamisha shughuli zake nchini mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Wazee wengi wanaosoma makala hii walifundishwa hisabati au sayansi na kijana wa Kimarekani aliyepanda matatu pamoja nao.

Wale wa zamani walikaa miaka miwili, na kabla ya kuanza kazi walifundishwa Kiswahili kwa wiki nyingi. Siku hizi wengi huja kwa muda mfupi zaidi. Yapo makampuni yanayoleta vijana wa shule kwa likizo, na yapo mashirika ya elimu kama Earthwatch la Marekani, ambalo limeleta watu wa kujitolea huko Rukinga na mashamba ya jirani kuwasaidia wataalamu wanaochunguza namna ya kuzuia ndovu wasile mazao. Kwa hiyo tusiwaweke wote katika kapu moja. Aliyekuja wiki mbili na aliyekuja miaka miwili hawafanani, na jembe lao haliwezi kuwa moja.

Siku ya mgeni

Siku huanza mapema. Mgeni aliyezoea ukimya wa madirisha ya vioo viwili huamshwa kwanza na malori yanayopanda kuelekea Voi, kisha na adhana ya alfajiri, kisha na jogoo, kisha na mama wa nyumba anayechochea moto. Mara ya kwanza hushtuka. Baada ya wiki tatu, wengi husema, huamka wenyewe kabla ya adhana na kuisubiri.

Hutoka ndani ya chandarua, akakung'uta viatu kabla ya kuvivaa, kwa maana ameambiwa habari za nge na amezisadiki. Hunywa dawa yake ya kinga ya malaria. Huenda msalani, ambako ni choo cha shimo, na hapo hujifunza kuchuchumaa, elimu ambayo kwetu haina shule. Kifungua kinywa ni chai ya maziwa yenye sukari nyingi kuliko alivyopata kuionja, pamoja na mandazi au chapati. Mchana ni ugali na sukuma wiki, au pure ya mahindi na maharagwe. Na akiwa na bahati ya kukaribishwa kwa Wataita, huonja kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe. Ijumaa nyumba ya Kiislamu ikipika wali wa nazi, mgeni hujua kwamba wiki imefika kileleni.

Kazi huanza mapema kwa sababu ya jua. Ikifika saa sita mchana, aliyedhani kwamba watu wa nchi za joto hupumzika kwa uvivu huwa amekwisha kupata jibu, naye amejilaza chini ya mwarobaini. Alasiri hurudi kazini, au hukaa na akina mama wanaosuka vikapu vya mkonge, ufundi ambao wanawake wa Kasigau wanajulikana nao. Hujaribu kusuka, kikapu chake hupinda, akina mama hucheka mpaka wakashika mbavu, naye hucheka pamoja nao. Kwa kicheko kama hicho mgeni huanza kuwa jirani.

Jioni ni ya simu na upweke. Twasahau upweke huu. Kijana wa miaka 19, mbali na mama yake, hajui maneno yanayosemwa kando yake, tumbo halijazoea maji, kila mtu njiani humwita kwa rangi yake badala ya jina lake. Bei ya nyanya hupanda akikaribia. Watoto humfuata wakimwomba kalamu. Huanza kujiuliza amekuja kufanya nini. Mama wa nyumba amwitapo, "Njoo mwanangu, kaa hapa karibu na moto," amemfanyia jambo kubwa kuliko alivyodhani.

Mtungi mmoja wa maji

Nikienda Maungu kwa shughuli za dini hupenda kukaa na mama zetu baada ya darsa. Mmoja wao, mtu mzima mwenye heshima yake, alinisimulia habari ya binti wa kizungu aliyekaa kwake miezi mitatu.

Binti huyo alikuwa na adabu, lakini alioga asubuhi na jioni, na kila mara alimaliza mtungi mzima wa lita 20. Nguo alizifua kila siku. Mama alinyamaza. Mwanawe alipouliza kwa nini hasemi, alimjibu kwamba mgeni haambiwi aache kuoga. Wiki mbili zikapita. Watoto wa nyumba wakawa wanakwenda kupiga foleni ya maji mara mbili, mmoja akachelewa shule siku tatu.

"Basi, Sheikh," aliniambia, "siku ya kumi na tano nikamwamsha alfajiri. Nikamwambia, 'Mwanangu, leo twende pamoja.' Nikampa mtungi wake. Tukapiga foleni kwenye kioski mpaka jua likapanda. Tukaubeba. Njiani akapumzika mara nne. Hakuniuliza kitu, wala sikumwambia kitu. Tangu siku ile akaoga kwa kikopo."

Nilimuuliza kama binti alikasirika. Akasema hapana, alilia kidogo, kisha akamwomba amwamshe tena kesho yake. Kwa miezi iliyobaki foleni ya maji ya alfajiri ikawa kazi yake, na yule mtoto hakuchelewa tena.

Nimeitia habari hii hapa kwa sababu imebeba mambo mawili. La kwanza ni maji yenyewe. Bomba linaloleta Mombasa maji ya chemchemi za Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, hutoka Tsavo Magharibi, likapita Voi na kuteremka hadi pwani. Sisi wa Mombasa tufunguapo mfereji twanywa maji yaliyopita katika nchi ya watu wenye kiu, na malalamiko yao juu ya jambo hilo ni ya miaka mingi. Hatuna haki ya kumcheka binti wa kizungu aliyemaliza mtungi, ilhali sisi huacha mfereji ukimwagika tukitia udhu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita moja, na kuoga kwa pishi moja, kiasi cha lita tatu tu. Mwenye kuishi Maungu huielewa sunna hiyo kwa mabega yake.

La pili ni kwamba mama huyu alimpa mgeni jembe. Alikuwa amemficha ukweli kwa wiki mbili akidhani ndio ukarimu, na matokeo yake mgeni aliendelea kuwaumiza watu aliokuja kuwasaidia bila kujua. Alipomwonesha ukweli, mgeni mwenyewe alipata kazi yenye manufaa kuliko zote alizoandikiwa kwenye karatasi zake.

Jembe lipi

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ukarimu wetu una upande wake wa udhaifu: twaona haya kumwambia mgeni hapana. Akisema anataka kupaka rangi darasa, twasema karibu. Akisema anataka kujenga ukuta, twasema karibu. Akisema anataka kuwafundisha watoto wetu Kiingereza wiki mbili kisha aondoke, twasema karibu, na mwalimu wa darasa hukaa pembeni akingoja.

Tuutazame ukuta. Kijana ambaye hajawahi kushika mwiko huujenga polepole, na mara nyingine mwashi huja baadaye kuusahihisha. Papo hapo mjini wapo waashi wenye ujuzi na watoto wa kulisha, wanaokaa kando ya barabara wakingoja kuitwa. Fedha alizotumia mgeni kwa nauli zingaliwalipa kwa siku nyingi. Simwambii mtu asije. Nasema kwamba mwenyeji ana wajibu wa kusema: ukuta tutamwachia mwashi wetu, wewe mpe mawe na maji, ukae karibu naye ujifunze, na ukipenda changia ujira wake. Hapo mgeni amepata kazi na mwashi hakunyang'anywa riziki.

Sasa tutazame kazi inayomfaa mgeni. Wakulima wa Sagalla na wa pande za Rukinga huteswa na ndovu. Mahindi yakianza kukomaa, kundi moja huweza kumaliza kwa usiku mmoja jasho la msimu mzima, na katika kumfukuza mnyama yule watu hupoteza maisha. Huko Sagalla, karibu na Voi, mtafiti Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants wameshirikiana na wakulima kujenga ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Mkulima huvuna mahindi na asali pia. Kwa upande wa Rukinga wamejaribu nyua nyingine, zikiwemo za vipande vya mabati vinavyogongana na kumeta kwa upepo.

Majaribio kama hayo yanataka watu wengi wa kuhesabu nyayo, kupima mimea iliyoliwa, kuangalia picha za kamera zilizofungwa porini na kuandika kila kitu daftarini asubuhi baada ya asubuhi. Hapo mtu wa kujitolea anafaa, hata akiwa wa wiki mbili, maana kazi yake huingia katika kazi ya aliyemtangulia na hupokewa na atakayemfuata. Tena hutembea nyuma ya mwenyeji anayejua unyayo wa jana na wa leo, na huyo ndiye mwalimu wake. Nadhani hiyo ndiyo alama ya jembe zuri: mgeni hufanya kazi chini ya mtu wa mahali, na akiondoka kazi haifi.

Watoto wetu si maonesho

Liko jambo ambalo mama yeyote hapaswi kulionea haya, nalo ni watoto.

Wageni wengi hupenda kuwasaidia mayatima. Nia ni njema, na sisi Waislamu twajua daraja ya mwenye kumlea yatima. Lakini uzoefu wa nchi nyingi umeonesha kwamba nyumba za mayatima zinazotegemea wageni huvuta watoto ambao wazazi wao wako hai, kwa kuwa mtoto ndiye anayeleta mchango. Na mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila mwezi, kisha akaachwa kila mwezi, huumia moyoni namna ambayo picha haioneshi. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja na kuitambua kafala, malezi ya mtoto katika nyumba ya Kiislamu bila kumbadilishia nasaba yake. Basi mgeni akikuuliza amsaidieje yatima wa Maungu, mwelekeze kwa shangazi au bibi anayemlea: karo, sare, chakula, kupitia watu wanaoaminika. Mtoto abaki kwao.

Hali kadhalika picha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za mtoto, pamoja na picha yake, hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mama una haki ya kusema, "Mwanangu, usimpige picha huyu," na una haki ya kuuliza picha itakwenda wapi. Wala mgeni asiachwe peke yake na mtoto chumbani, awe mwanamume au mwanamke, mzungu au mwarabu, ustadhi au daktari. Huku si kumtuhumu. Dini yetu imefunga mlango wa faragha kwa kila mtu ili asiwepo wa kutuhumiwa, na mgeni mwenye akili huushukuru mlango huo uliofungwa.

Mgeni naye ahakikishe karatasi zake. Kazi ya kujitolea haifanywi kwa ruhusa ya kuingia kama mtalii. Kipo kibali cha kazi za dini na za hisani, na ipo pasi maalumu kwa wa muda mfupi. Anayekukalisha mgeni nyumbani na kukwambia mambo hayo hayana haja, mwogope.

Haki ya mgeni, haki ya mwenyeji

Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) katika jambo hili yako sawasawa na msemo wetu wa jembe, nami siku zote huona raha kuyaweka pamoja. Ametufundisha kwamba mgeni hukirimiwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Na amemkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Haki ziko pande mbili.

Haki ya mgeni ni kuambiwa. Mwambie mapema, kwa upole, kabla hajakosea: hapa twavua viatu, hapa binti hujifunika mabega na magoti, mkono wa kushoto haupokei chakula, mwanamume hampi mkono mama asiponyoosha yeye kwanza. Mwezi wa Ramadhani, mwambie kwamba hatumlazimishi kufunga, ila asile hadharani barabarani, na mwache jikoni chakula chake cha mchana. Wengi wao mwishowe hufunga siku moja kujaribu, na magharibi wakikaa nasi mbele ya tende na uji hujua jambo ambalo hawakulipata vitabuni. Mpe kanga. Mfundishe kuamkia wazee kwa shikamoo, na usimcheke akiamkia mtoto.

Haki ya mwenyeji ni kuulizwa. Mgeni asigawe peremende barabarani, akawafundisha watoto kunyoosha mikono kwa wapita njia. Asiahidi karo asiyoweza kuilipa. Mtoto hukaa miaka akingoja barua. Asitangaze kwao kwamba Maungu ni mahali pa njaa tu, akasahau akina mama wa vikapu, mafundi, walimu na mwanamke aliyembebea mtungi.

Na watoto wetu wakienda

Nimalizie na jambo linalotugusa kwa karibu zaidi. Vijana wetu nao wanakwenda. Wakenya hutumikia ng'ambo kama watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 5 Disemba kila mwaka, siku iliyowekwa mwaka 1985 kuwakumbuka watu wa kujitolea duniani, wao pia hutajwa. Hapa hapa nchini binti wa Mombasa aliyemaliza chuo hupelekwa Maungu, Kinango au Garissa kufundisha au kupima watoto uzito. Huko atakuwa mgeni. Atalala katika nyumba ya watu, atakula chakula asichokizoea, atamaliza maji bila kujua.

Kwa hiyo, mama, kabla hajafunga begi lake, mkalishe. Muulize nani huko amemwita, na kwa kazi gani. Muulize kazi hiyo yupo mtu wa pale anayeweza kuifanya kwa ujira. Muulize atakuwa chini ya nani, na akiondoka nani ataishika. Mwambie akae kimya wiki ya kwanza akitazama, na asubuhi moja aamke mapema aende foleni ya maji pamoja na wenyeji wake. Maswali hayo hayo ndiyo ya kumuuliza mgeni anayebisha hodi kwako Maungu. Akiweza kuyajibu, mkaribishe, umpe kiti, umpe chai. Siku ya tatu mpe jembe, na umwoneshe shamba.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zinazopokea wageni, awarudishe salama walio safarini, na aipe nyika ya Maungu mvua yenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.